Mcheza Kwao Si Mgeni

Angalia mabango ya matamasha ya muziki wa chemba hapa Nairobi. Juu kabisa, kwa herufi nono, jina la kwarteti ya nyuzi. Katikati, majina ya watunzi: Haydn, Dvořák na, siku wakijisikia majasiri, Shostakovich. Halafu huko chini, jirani na bei ya tiketi na habari za maegesho, kamebanwa kamstari kamoja: pamoja na wageni waalikwa. Na huyo mgeni mwalikwa, ukichunguza, mara nyingi hajatoka Vienna. Ametoka Siaya, ama Kayole, ama hapo tu Kariobangi, na amebeba nyatiti.

Mimi nina ugomvi na hilo neno, mgeni.

Na si ugomvi wa kamusi. Neno hilo ndilo linalopanga kila kitu kinachofuata: nani anakaa wapi jukwaani, nani anaitwa kwa mazoezi mara ngapi, jina la nani linaandikwa kwenye kijitabu cha programu, nani analipwa nini na lini. Ukishamwita mtu mgeni, umeshamwambia kwamba nyumba si yake. Na mgeni mwema, kama tulivyofunzwa sote tukiwa wadogo, halalamikii chai aliyopewa.

Jioni yenyewe huenda hivi. Watu wanne wanaingia: fidla mbili, viola, selo. Hakuna kondakta, wala wa okestra wala wa matatu. Wanapiga Haydn. Baada ya mapumziko wanapiga Dvořák. Kuna mtu nyuma anapiga makofi kabla kipande kuisha, na wazee wa safu ya mbele wanageuka kumtazama kama aliyekohoa msibani. Halafu, zikiwa zimebaki dakika kumi, mtu wa nyatiti anaitwa. Anapiga wimbo mmoja huku wale wanne wakimtandikia sauti ndefu ndefu chini yake, kama zulia. Ukumbi unalipuka. Simu zote ziko juu. Kesho yake, kipande hicho ndicho kinachosambaa mitandaoni, na ndicho kinachopelekwa kwa mfadhili pamoja na ripoti.

Sasa niambie: kama dakika hizo kumi ndizo zinazouza, mbona ni kumi?

Fungua kijitabu cha programu. Haydn amepewa aya nzima: alizaliwa 1732, alitumikia ukoo wa Esterházy kwa miaka mingi, huitwa baba wa kwarteti ya nyuzi. Sawa, anastahili. Dvořák naye ana aya yake. Ukifika mwisho unakuta maneno matano: wimbo wa kitamaduni wa Waluo. Nukta. Hakuna mtunzi, hakuna kijiji, hakuna mwaka, hakuna aliyemfundisha aliyepiga. Utadhani wimbo ulijiotea wenyewe kando ya barabara kama mchicha baada ya mvua.

Watetezi wana jibu, na wanalitoa kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kushika uma. Wanasema ndivyo muziki wa chemba ulivyo. Kwarteti ndiyo nyumba, mpiga solo anapita tu. Ni desturi ya karne nyingi, msiifanye siasa.

Basi twende kwenye hiyo desturi, kwa sababu naona wanaoitaja sana ndio wanaoijua kidogo.

Chemba maana yake ni chumba. Huu ulikuwa muziki wa sebuleni kabla haujawa wa ukumbi. Mwaka wa 1784, huko Vienna, mwimbaji mmoja aliyeitwa Michael Kelly alihudhuria karamu ya nyumbani ambapo fidla ya kwanza ilipigwa na Haydn, ya pili na Dittersdorf, viola na Mozart, na selo na Vanhal. Watunzi wanne, kejani kwa mtu, wanapiga kwa raha zao kisha wanakula. Hakukuwa na mwenye nyumba na mpita njia. Kila aliyeshika chombo alikuwa na neno katika mazungumzo.

Na mgeni alipokuja kweli, nini kilitokea? Mwaka wa 1789 Mozart aliandika kwinteti ya klarineti kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler. Stadler hakuwa na klarineti ya kawaida. Yake ilikuwa imerefushwa ili ishuke hadi noti za chini ambazo klarineti nyingine hazikuzifikia. Je, Mozart alimwambia aiache nyumbani alete ya kawaida ili nyuzi nne zisisumbuke? Hapana. Aliandika kufuata chombo cha Stadler, noti za chini na zote. Kwarteti ndiyo iliyosogea.

Miaka mia moja baadaye Brahms alikuwa ameshaamua kuweka kalamu chini. Alijiona amezeeka, kazi imekwisha. Kisha akamsikia Richard Mühlfeld akipiga klarineti kule Meiningen, na mwaka wa 1891 akaandika kwinteti ambayo hadi leo watu huihesabu kati ya kazi zake bora. Babu zetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Brahms alipona kabisa. Hakumwita Mühlfeld kwa dakika kumi za mwisho ili watu watoe simu, maana hata simu za mkononi hazikuwepo.

Kwa hiyo desturi mnayoitetea haipo. Desturi halisi ya muziki wa chemba ni kwamba anayekuja huibadilisha nyumba. Mnachofanya hapa Nairobi ni kitu kingine, na jina lake ni pambo.

Tuongee ufundi kidogo, kwa sababu dharau huwa inajificha kwenye ufundi. Nyatiti ina nyuzi nane. Kila uzi una sauti yake, na mpigaji huzikaza kufuata koo lake mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeimba. Anakaa kwenye kigoda, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, inayogonga mbao za chombo chenyewe. Mguuni kuna njuga, gara. Hesabu: nyuzi, sauti, ngoma, njuga. Mtu huyu mmoja tayari ni kwarteti.

Akifika kwenye mazoezi, jambo la kwanza anaambiwa akaze nyuzi zake zilingane na za wenyeji, kufuata mashine ndogo iliyowekwa juu ya kinara cha noti. Akikaza hivyo, koo lake linakosa mahali pa kukaa. Anaimba kwa shida, halafu watu wanasema ana sauti nzuri ya kijijini.

Hapo ndipo mambo yamegeuzwa miguu juu kichwa chini. Fidla haina vigawanyo shingoni kama gitaa. Kidole kikisogea kidogo tu, sauti inasogea nacho. Yaani kati ya vyombo vyote vilivyo jukwaani, vinavyoweza kumfuata mwenzao popote aendako ni fidla, viola na selo. Asiyeweza kusogea katikati ya wimbo ni mwenye nyatiti. Na bado yeye ndiye anayeambiwa asogee. Hiyo si sababu ya kiufundi. Ni adabu mbaya iliyovaa tai.

Isitoshe, jambo hili limeshafanywa na watu wengine, na dunia haikuanguka. Kevin Volans, mtunzi aliyezaliwa Afrika Kusini, alipoandika White Man Sleeps mwaka wa 1982, toleo lake la kwanza lilitumia harpsichord mbili zilizokazwa upya zifuate mizani ya muziki wa Kiafrika. Harpsichord ni chombo cha nyuzi nyingi mno, kuzikaza upya ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Kama kinanda cha wafalme wa Ulaya kiliweza kuinama, viola ya mtu wa Kilimani itashindwaje?

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu najua kuna wasee walioanza kushangilia kutoka aya ya kwanza. Nyinyi mnaosema: achaneni na hizi vitu za wazungu, fidla irudi kwao, mambo yaishe. Samahani, sisi hatuko timu moja.

Kwanza, kuvuta upinde juu ya uzi hakukuletwa na mtu kwa meli. Waluo wana orutu, uzi mmoja na upinde wake. Waluhya wana shiriri. Wakikuyu wana wandindi. Mtu akikuambia kwamba sauti ya upinde ni ya kizungu, amekuonyesha tu kwamba hajawahi kukaa karibu na mzee wa orutu akiongeza chumvi kwenye matanga.

Pili, uliza Pwani. Katika taarabu, fidla haikai pembeni ikisubiri kuitwa. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ilianzishwa 1905, na tangu zama hizo muziki huo umekua ukimeza vyombo kutoka kila upande wa bahari: udi, kanuni, fidla, akodiani, baadaye selo na besi. Vilipofika vilifundishwa Kiswahili. Leo ukimsikia mpiga fidla wa Zanzibar akiteleza kati ya noti kumjibu mwimbaji, humwambii amekopa. Fidla imekuwa ya pale kwa sababu ilikubali kufuata shairi. Huo ndio mfano ninaoutaka, na uko saa moja kwa ndege kutoka hapa, siyo Ulaya.

Tatu, na hapa sitaki mchezo, kuna vijana wa Korogocho. Mradi wa Ghetto Classics umekuwa ukifundisha watoto muziki huko tangu 2008, jirani na jaa la Dandora. Kijana aliyejifunza selo huku moshi wa jaa ukimchoma macho hahitaji kuambiwa na mtu mwenye intaneti ya bure kwamba chombo chake si cha Kiafrika. Jasho lake limeshalipia. Ukimnyang'anya kwa jina la utamaduni, umemwibia mara ya pili.

Lakini kwa sababu yake yeye, kijana huyo, ndiyo siwezi kunyamaza. Atasoma. Atafanya mitihani inayotungwa London, gredi baada ya gredi hadi ya nane, na anaweza kuimaliza yote bila kukaa hata siku moja na mpiga orutu. Atajua kutofautisha upindaji wa Haydn na wa Brahms. Kisha ataunda kwarteti na wenzake, wataandaa tamasha, na watamwita mzee mmoja wa nyatiti aje kufunga. Watamwita mgeni. Mzee huyo anaweza kuwa jirani ya nyanya yake. Hapo shule itakuwa imefaulu kufanya nini hasa? Kumfunza mtoto njia ndefu ya kuwa mwenyeji kwa Haydn na mgeni kwa nyanya yake.

Kuna jibu la tatu, la watu wa pesa. Wanasema wasikilizaji hawako tayari. Ukiweka muziki wa hapa katikati ya programu, walipa tiketi watakimbia.

Mwaka wa 1992, kwarteti ya Kronos kutoka San Francisco ilitoa albamu iitwayo Pieces of Africa. Albamu nzima, siyo dakika kumi. Ndani yake kuna Dumisani Maraire wa Zimbabwe, aliyetunga na kupiga mbira pamoja nao. Kuna Hassan Hakmoun wa Moroko, Foday Musa Suso wa Gambia, Hamza El Din wa Nubia, Obo Addy wa Ghana, na Volans niliyemtaja. Kuna pia jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda, na kazi yake yenye jina la Kiganda. Albamu hiyo ilipanda hadi kileleni mwa orodha za Billboard, ya muziki wa klasiki na ile ya muziki wa dunia. Watu waliinunua Marekani, ambako wengi wao hawangeweza kuionyesha Uganda kwenye ramani.

Sisemi Kronos ni malaika. Ninasema tazama majina. Maraire anaandikwa Maraire. Tamusuza anaandikwa mtunzi. Hakuna mahali palipoandikwa wimbo wa kitamaduni wa huko Afrika, asante, tufunge. Zaidi ya miaka 30 imepita, na sisi tulio kilomita chache kutoka mahali muziki ulipozaliwa bado tunaogopa kumpa mwenye muziki nusu ya kwanza ya programu.

Hata huyo Dvořák mnayempenda ana hadithi ya kuwafunza. Kwarteti yake inayoitwa ya Kimarekani aliiandika 1893, akiwa mgeni katika nchi hiyo. Kule New York, kijana Mweusi aliyeitwa Harry Burleigh, mwanafunzi wa chuo alichokiongoza Dvořák, alikuwa akimwimbia nyimbo za kiroho za watu wake. Dvořák mwenyewe alitangaza kwamba muziki wa Marekani wa kesho utajengwa juu ya nyimbo za Waamerika Weusi. Mzee wa watu alijua nani mwenyeji. Nioneshe kijitabu cha programu cha hapa Nairobi kilichomtaja Burleigh, nikununulie chai na mandazi mawili.

Tusijifanye kwamba majina ni jambo dogo. Wimbo wetu wa taifa ulitayarishwa 1963 na tume ya wanamuziki watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Muziki wake unatokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mzee Meza Galana, anayetajwa kuwa chanzo cha sauti hiyo, ni Wakenya wangapi wanamjua? Tumesimama wima tangu shule ya msingi, mikono ubavuni, tukiimba kitu kilichotoka Tana River, na tumeridhika na maneno wimbo wa kitamaduni. Tabia ya kumfuta mwenye wimbo hatukuijifunzia ukumbini. Tulianza nayo asubuhi ya uhuru.

Na sheria tunayo. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mirabaha utamaduni wao unapotumika. Mwaka wa 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Kwa hiyo anayepanga upya wimbo wa Waluo kwa kwarteti, akaandika jina lake kama mpangaji na kuwaacha wenyewe kama hewa, hana pa kujificha. Asiseme hakujua. Anajua kulipia noti za mtunzi wa Ulaya aliyekufa juzi, na anajua kuandika jina lake bila kukosea hata alama moja juu ya herufi.

Tunasema mcheza kwao hutuzwa. Hutuzwa, siyo hushukuriwa. Hutuzwa, siyo huambiwa ati utajulikana. Kabla ya kununua tiketi yako ijayo, waulize waandaaji maswali manne tu, hadharani, pale pale chini ya bango lao. Mpiga nyatiti analipwa sawa na mpiga selo? Amekuja mazoezini mara ngapi, na nauli ametoa nani? Jina la aliyetunga, ama la aliyemfunza aliyepiga, limeandikwa wapi? Na katika wimbo wake, ni nani aliyekaza nyuzi kumfuata nani? Wakijibu vizuri, lipa, nenda, beba na marafiki. Wakikwepa, kaa nyumbani. Pesa yako ndiyo lugha wanayoielewa bila mkalimani.

Nanyi wa kwarteti, hasa nyinyi vijana, siwafukuzi. Niko hapa kwa sababu nawapenda mkipiga vizuri. Ninachotaka ni mwagize kazi mpya kwa watunzi wa hapa, kazi ambamo nyatiti ama orutu ina hoja tangu ukurasa wa kwanza, siyo zulia la mwisho. Ninataka mwende kwa mwenye chombo, mkae chini yake mwezi mzima, mjifunze kufuata. Ninataka siku moja bango liseme kwa herufi nono jina la mpiga orutu, na huko chini, karibu na maegesho: pamoja na kwarteti ya nyuzi.

Shule ya muziki ya Kenya Conservatoire ilianzishwa 1944. Fidla imekuwa ikifundishwa katika mji huu kwa zaidi ya miaka 80. Imekula, imelala, imeamka, imepewa chai, imeongezwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita zamani sana, na shamba bado liko pale pale.